Shemeji Anapandisha Ghorofa Kwenye Jua la Mama Yake

Admin, jina langu lifiche, ila hasira zangu ziache kama zilivyo. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka thelathini na nane, nimezaliwa kule ziwani Nyasa na nimeolewa Mbinga mjini. Naishi na mume wangu pamoja na mama yake mzazi, ambaye miguu imemwishia nguvu, hatembei bila kushikwa. Anayemshika ni mimi. Wale mnaojiandaa kuniandikia "vumilia dada, ndiyo ndoa" naomba mpite kimya, maana kuvumilia nimeshavumilia sana.

Kiwanja ni cha mama mkwe. Kipande cha upande mmoja alimpa mdogo wa mume wangu, shemeji anayefanya biashara Songea, anayekuja kutusalimia kwa msimu akiwa na mkate mmoja na maneno mengi. Mwaka huu amekuja na ramani ya nyumba ya ghorofa, ukuta wake unakaribia kugusa mpaka wetu. Sasa, aliyewahi kukaa Mbinga mwezi wa saba anaijua baridi yake. Kila asubuhi ukungu ukiondoka namtoa mama, namkalisha kwenye kiti pembeni ya chanja ninazoanikia kahawa, jua linampiga miguuni mpaka vidole vinaanza kunyooka. Siku jua lisipotoka hanyanyuki kitandani, na kulala hatulali kwa jinsi anavyougulia. Tumehangaika na dawa za kila aina, lakini kinachomsaidia ni hilo jua.

Shemeji alipoomba kibali cha ujenzi, halmashauri ilimtuma afisa wa mipango miji aje aangalie ghorofa litatuathiri vipi sisi wa jirani. Alikuwa kijana mwenye adabu, alimwamkia mama kabla ya kugusa chochote. Akasimamisha mti mrefu mpakani, akapima kivuli chake, akaangalia kwenye simu jua linapita wapi kila mwezi. Halafu akatukusanya uani akasema waziwazi. Miezi ya mvua hakuna shida, jua linaelemea upande wetu. Miezi ya baridi linaelemea upande wa shemeji, kwa hiyo ghorofa likisimama, ua wetu utakuwa kivulini tangu asubuhi mpaka alasiri. Ndiyo miezi hiyohiyo ya kuanika kahawa.

"Mama, wewe ndiye mwenye kiwanja," akamwambia. "Ukipinga, nitaandika ajenge nyumba ya chini tu. Ukikubali, mimi sitakuwa na cha kuzuia."

Shemeji akacheka. "Shemeji yangu huyu kwao amezoea kuanika usipa, ndiyo maana analilia jua." Kama kuanika dagaa wa ziwani kwetu ni aibu. Mume wangu naye akacheka. Kahawa ya kwenye zile chanja ndiyo inayosomesha watoto wake, na yeye anacheka na mdogo wake.

Mama ndiye aliyenimaliza. Alisema, "Mwacheni mwanangu ajenge. Ameniahidi chumba cha juu, upande wa jua. Nitaota jua nikiwa kitandani kwangu, sitamsumbua mtu." Hilo la kumsumbua mtu alilisema akinitazama mimi.

Mume wangu alipomwingiza ndani, nilimwomba afisa anionyeshe chumba cha mama kwenye ramani. Akaikunjua juu ya chanja. Ghorofani kulikuwa na vyumba vinne vya wapangaji, kila kimoja na choo chake, na ngazi nyembamba ya kupandia nje. Nikauliza, "Cha Mama ni kipi?" Afisa akamtazama shemeji. Shemeji hata hakuona haya. "Shemeji, kweli Mama atapanda ngazi hizi? Mzee unampa neno zuri, anafurahi, maisha yanaendelea."

Mume wangu alikuwa ameshatoka, akasikia yote. Nilimsubiri aseme neno. Akaniambia, "Usije ukamvunja Mama moyo. Yule ni mwanawe." Afisa akakunja ramani yake, akasema mambo ya familia hayamhusu, atarudi wiki ijayo kuchukua jibu la mama. Mpaka leo mume wangu simpi neno zaidi ya "chakula tayari."

Nikimwambia mama ukweli, atapinga na jua lake litabaki, lakini atajua kwamba mwanawe mpenzi anamdanganya mchana kweupe. Ukoo mzima utasema mtu wa ziwani kawagombanisha mama na mwanawe. Nikinyamaza, ghorofa litapanda, na baridi ikija nitakayebaki na mama kivulini ni mimi, si wao. Na siwafichi, maana hapa sina jina. Kuna muda natamani kumwambia wala si kwa kumhurumia. Natamani aumie. Miaka yote hii namwogesha, namgeuza, namlisha, na bado kila mgeni akija anasifiwa huyo wa Songea. Nataka siku moja aone ni nani aliyekuwa wake.

Nilikuwa nimeshaamua kumwambia jana asubuhi. Nikamtoa nje, nikamweka kwenye kiti, nikachuchumaa mbele yake. Kabla sijafungua mdomo akanishika mkono, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akanipa kitambaa cha maua alichokuwa amekificha chini ya khanga. Akaniomba nimshonee pazia la chumba chake cha juu, nisilitie kitambaa cha ndani, jua lipite. Akasema pia nishone mawili, kwa sababu amemwambia mwanawe kwamba mimi nisipopewa chumba cha pembeni yake, yeye hahamii huko juu.

Kitambaa ninacho hapa, sijakikata. Afisa anarudi wiki ijayo. Mlio na mama, mlio na wakwe, niambieni: nimwambie, au nishone?