Wifi wa Ng'ambo

Chumba cha redio katika kituo cha askari wa wanyamapori kilikuwa kidogo, hata aliyeingia ilibidi aamue mlangoni kama atakaa au atasimama. Mama Redio alikuwa ameamua kukaa, mwaka baada ya mwaka, juu ya kiti chenye mguu uliofungwa waya. Mezani redio, chini ya meza betri ya gari, dirishani mto, na ng'ambo ya mto nchi ya watu.

Alikuwa na sauti nene na kicheko cha kufukuza kunguru. Mumewe, fundi baiskeli, alisema redio yenyewe ni ya nini, angefungua dirisha tu. Lakini kazi ilikuwa kazi. Tembo wakivuka mpaka, mwanamke wa kituo cha ng'ambo humpasha habari, naye huwaarifu wakulima watoke na madebe, wawageuze tembo njia kabla hawajafika kwenye mahindi. Masika walivuka kuja huku, kiangazi wakarudi kule, na hakuna askari wa mpaka aliyethubutu kuwauliza pasipoti.

Wanawake hao wawili hawakuwahi kuonana. Siku ya kwanza kabisa sauti ya ng'ambo ilisema, "Kaka zako hao wanavuka, wapokee."

"Kaka zangu? Si umekaa nao wewe kiangazi kizima? Kama ni kaka zangu, basi wamekuoa, na wewe ni wifi yangu!"

Tangu hapo ikawa wifi asubuhi, wifi jioni. Walipeana habari za tembo, kisha za watoto, kisha za waume, na hizi za mwisho ndizo zilizokuwa ndefu.

Redio na betri za pande zote mbili zililipiwa na mfadhili, na mfadhili naye, kama mvua, hutazama pengine. Siku moja akatuma mkaguzi, kijana nadhifu mwenye haraka zake, aone kipi kiendelee kulipiwa na kipi kikatwe.

"Mama, mna wifi hapa?" akauliza, macho kwenye simu yake.

Mama Redio akafurahi kwamba sifa za mwenzake zimefika mbali. "Tunaye! Tena hodari."

"Inapatikana muda wote?"

"Hata mvua ya mawe haimnyamazishi."

"Na nani anailipia?"

"Analipwa na kwao ng'ambo. Sisi hatutoi hata senti."

Mkaguzi akacheka. Alidhani mama huyu anaipenda mitambo mpaka anaiita kama mtu. Akaandika, akashukuru, akaondoka na vumbi lake.

Haukupita muda mrefu, mkuu wa kituo akaingia ameshika kiuno. "Mama, fungu la redio limefutwa, huku na kule. Wanasema kituo kina wifi ya bure."

Mama Redio alicheka mpaka akashika meza. Alipoacha kucheka aligundua kwamba analia. Mkuu alipiga simu, akaeleza, akaombwa radhi kwa adabu zote: kosa limeonekana, ila bajeti imekwisha kufungwa. Betri yenyewe ilikuwa hoi, isingefika masika. Na tembo hawasubiri bajeti. Wangevuka kimya, wakute watu wamelala, na asubuhi pangekuwa na shamba lisilo na mahindi na watu wenye mikuki. Mama Redio alishaona hayo zamani, na hakutaka kuyaona tena.

Akabonyeza kitufe, akamweleza mwenzake yote.

"Wifi," ng'ambo ikajibu, "hao kaka zako ni wageni wa tangu lini?"

"Tangu bibi zetu."

"Na mgeni siku ya tatu hupewa nini?"

"Jembe." Mama Redio akageukia bustani yake ya mboga nyuma ya ofisi, ile iliyolishwa samadi ya tembo na kuwatia wivu majirani. Mwenye kitalu cha miche mjini alikwisha kumwomba samadi hiyo mara kadhaa, naye akamcheka. "Wifi! Jembe wanalo, wanatembea nalo nyuma!"

Kicheko kilivuka mto mara mbili.

Kazi ikaanza. Wanawake wa pande zote mbili wakaokota samadi katika njia za tembo mashambani, wakaozesha, wakajaza magunia. Zamani mtu akikuta rundo la tembo shambani kwake alilaani; sasa alitazama kushoto na kulia asije akawahiwa. Fundi baiskeli akabebeshwa magunia, akanung'unika kwamba ameoa redio, sasa amepewa na zizi. Mwenye kitalu akalipa, akataka zaidi, akaleta na wenzake. Mawingu ya masika yalipojikusanya, chini ya kila meza, huku na kule, palikuwa na betri mpya, na ya akiba ilikwisha agizwa.

Lori la kitalu lilipakia darajani, magunia ya huku na ya kule pamoja. Siku hiyo Mama Redio alikwenda mwenyewe, amevaa kitenge chake kizuri, na njia nzima aliongea bila kupumua. Ng'ambo ya daraja alisimama mwanamke mwembamba, mfupi, mwenye miwani. Hakufanana hata kidogo na yule wa kichwani mwa Mama Redio.

Wakatazamana. Wanawake wawili ambao hawakuwahi kukosa neno wakakosa neno, na wapakiaji wakaacha magunia wakiwatazama.

Yule mwembamba akainua ngumi mdomoni kana kwamba ameshika kipaza sauti. "Wifi, unanipata?"

Mama Redio alikuwa amekwisha kumkumbatia. "Nakupata, wifi," alisema begani mwake. "Nakupata vizuri kabisa."