Njia ya Maiti wa Larratea

Aliyetaka kutukanwa kabla ya kahawa ya asubuhi alikuwa anapanda baiskeli mpaka Shingoni, pale milima miwili inapoachiana nafasi na Ufaransa inaishia mikononi mwa Hispania. Huko juu huduma hiyo ilikuwa bure. Mwenye nyumba ya pale, mjane aitwaye Gaxuxa, alikuwa na kondoo, mbwa wawili wakali, na ulimi ambao hata mbwa wenyewe waliuogopa.

"Rudini mlikotoka!" aliwapigia kelele vijana wenye helmeti na nguo za kubana. "Mmevaa soksi mwili mzima, haya hamna?"

"Mama, ramani inaonyesha njia inapita hapa."

"Basi kapiteni kwenye ramani."

Tusimlaumu bure. Mwaka mmoja, wakati kondoo wakiwa na mimba kubwa, kundi la waendesha baiskeli lilipita kwenye malisho yake likaacha geti wazi. Ukungu ulikuwa mzito. Kondoo walitoka, wakaanguka gengeni, na Gaxuxa alipowafikia tai walishakuwa mezani. Alilia siku hiyo, akiwa peke yake, mkono mmoja ukiwa juu ya shingo ya kondoo aliyemlea kwa chupa. Kesho yake alinunua seng'enge na kufuli kubwa, akaapa mbele ya watu sokoni kwamba Shingoni hapapiti tena gurudumu.

Aliyeumia zaidi na kufuli hilo alikuwa Xalbat wa nyumba ya Larratea, ng'ambo ya Shingo, kijana aliyekuwa akikodisha baiskeli kwa wageni na kuwaongoza milimani. Baba yake, mzee Erramun, ndiye aliyekuwa jirani wa kwanza wa Gaxuxa. Jirani wa kwanza huchagui, kama vile huchagui mama mkwe. Nyumba ndiyo inayokuchagulia, tangu enzi za mababu. Mtu akifa Larratea, Gaxuxa ndiye wa kuambiwa kabla ya wote, na ndiye wa kutangulia mbele ya jeneza na taa mpaka kanisani. Larratea iko ardhi ya Hispania, lakini kanisa lake na makaburi yake yako upande wa huku wa Ufaransa, bondeni.

Tena kila nyumba ina njia yake ya maiti. Wafu wake hupita hiyo na si nyingine, ili roho zao zijue pa kurudia. Na pale maiti alipopita, aliye hai hazuiwi tena, hata awe nani, hata apande nini. Hakuna mwanasheria anayeijua sheria hiyo na hakuna mwenyeji anayeibisha. Njia ya zamani ya Larratea ilifuata kijito, na mafuriko yakaibeba. Tangu hapo watu wa Larratea walipita kwenye malisho ya Gaxuxa kwa hisani tu ya marehemu mumewe, na hakuna jeneza lililowahi kupita hapo.

Erramun alikuja kwenye kufuli mara moja tu, akiegemea fimbo.

"Fungua, Gaxuxa."

"Zunguka kwa lami. Miguu unayo."

"Nitapita hapa, utake usitake."

"Labda ufe kwanza."

"Nikifa ndiyo nitapita vizuri zaidi," mzee akasema. "Na wewe utanitangulia na taa, mbaya wee. Tena uende polepole, maana njia yako ina mawe kuliko moyo wako."

Gaxuxa alitaka kucheka. Alijizuia, asije akampa mzee yule raha hiyo. Hawakusemezana tena.

Vuli ilipoingia kengele ya kanisa ikalia ule mlio wa kifo cha mwanamume. Gaxuxa alikuwa akigandisha maziwa ya jibini. Alijua ni nani, kwa kuwa bonde zima lilijua mzee yuko kitandani. Alifuta mikono, akavaa aproni safi, akakaa karibu na mlango kumsubiri mtu wa Larratea aje kumwambia. Kahawa aliyoipika ikapoa. Hakuja mtu.

"Watakuja tu," akamwambia mbwa. "Watafanyaje bila mimi?"

Jua lilizama bila hodi. Aliumia kuliko alivyotarajia. Na bado lile la geti halikuwa limeisha moyoni. Akifungua, baiskeli zitapita mpaka mwisho wa dunia, na safari nyingine ukungu utakapokuja na geti likaachwa wazi, atalia tena. Asipofungua, itasemwa kwamba jirani wa kwanza alimfungia maiti mlango. Alizunguka jikoni akimtukana Erramun kwa jina lake na la nyumba yake, kwa jinsi alivyochagua kufa makusudi.

Siku ya maziko aliamka akavaa nguo nyeusi. Alitwaa ule ubao wa kale uliozungushiwa mshumaa mwembamba, taa ya wafu ya nyumba yake, akaenda Shingoni na koleo. Kufuli alilifungua. Seng'enge akaikata yeye mwenyewe, ikamchana viganja, akailaani nayo. Kisha akasimama kando ya geti lililo wazi, wima kama mlinzi, akingojea jeneza.

Kutoka Shingoni unaona barabara ya lami inavyozunguka mlima wa pili. Ndipo akaliona gari la maiti, jeusi, likishuka taratibu, na magari ya waombolezaji nyuma yake.

Alikuwa ameshinda. Hakuna maiti aliyepita, geti lingebaki lake na kondoo wake wangekuwa salama. Wala hakufurahi hata kidogo. Aliona aibu iliyomchoma mpaka masikioni, na juu yake hasira. Akakata malisho kwa miguu, akateremka kama mbuzi, akafika mlangoni pa kanisa wakati jeneza likitolewa garini.

"Maiti huyu haingii," akasema.

Xalbat alikuwa na macho mekundu. "Mama Gaxuxa, leo usituanzie. Njia tumekuachia. Umeshinda. Unataka nini tena?"

"Nani alikuja kuniambia baba yako amekufa?"

"Kwani ungefungua?"

"Hukuniuliza!"

"Uliapa sokoni mbele ya watu wote!"

"Niliapia baiskeli zako, punda wewe, sikumwapia baba yako! Umembeba kama gunia la mbolea kwa njia isiyo yake. Atarudije nyumbani? Aulize madereva?"

Padri akasogea. "Mama, misa imechelewa."

"Yeye hana haraka, padri. Wewe ndiye unayewahi chakula."

Hakuna aliyecheka. Bikizee mmoja wa bondeni akasema kwa sauti ya chini, "Anasema kweli. Mrudisheni." Wazee wakaanza kutikisa vichwa kukubali, na wabebaji wakalirudisha jeneza garini bila kumngoja padri.

Xalbat akamkaribia Gaxuxa. "Unajua akipita kwako njia haifungwi tena. Na baiskeli nitapitisha, sikufichi."

"Najua tangu hujazaliwa. Geuza gari."

Wakarudi mpaka Larratea. Hapo wakamchukua mzee mabegani, nao wakaanza upya, kwa miguu, Gaxuxa mbele na taa. Upepo uliuzima mshumaa, akauwasha. Ukauzima tena, akauwasha tena. Getini akasimama, wabebaji wakapumzika. Aliligeukia jeneza.

"Haya, mbaya wee," akasema. "Pole na mawe."

Kisha akatangulia kupita. Alilia njia nzima bila kujificha, na aliyethubutu kumtazama alitazamwa naye mpaka akainamisha uso.

Mwaka uliofuata baiskeli zilikuja kama nzige. Gaxuxa aliwatukana wote, mmoja mmoja, kwa bidii ileile, na mbwa wakimsaidia. Siku moja kijana mgeni akashuka kwenye baiskeli yake, akavua helmeti kwa adabu.

"Shikamoo mama. Wanasema njia hii ni yako. Tunaruhusiwa kupita?"

"Si yangu. Ya Erramun."

"Yuko wapi, tumshukuru?"

"Keshapita," akasema Gaxuxa. "Na wewe pita. Ila funga geti, mpumbavu we."