Marahaba ya Mama

Nilikuwa Muheza nikipakia machungwa kwenye lori mama mdogo aliponipigia simu. Mama ameanguka jikoni. Kiharusi. Mkono wa kulia umelala na maneno hayatoki. Nikapanda mlima kurudi Kwai na begi lilelile ninalozunguka nalo tangu nilipoacha shule.

Nilimkuta uani kwenye kiti, kajifunika blanketi. Jirani akaingia na kikapu cha peasi.

"Shikamoo, mama."

Mama akafungua mdomo. Kabla sauti haijatoka, mama mdogo akajibu, "Marahaba mwanangu, anashukuru."

Ilikuwa hivyo kwa kila mgeni. Kwetu shikamoo haiachwi hewani. Ukiiacha, ni kama umemfukuza mtu.

Kliniki nilimchosha kwa maswali dada anayefanyisha wagonjwa mazoezi. Shule niliiacha, maswali sikuyaacha. Akaniambia kwamba pale mshipa ulipoziba, seli za ubongo zimekufa, basi. Lakini za jirani zingali hai, ila zimeumia. Matawi yake yamenyauka, na seli zilizokuwa zikizipa habari hazipo, kwa hiyo zimenyamaza. Nikakumbuka bustani za kabichi mfereji ukibomoka huko juu: miche ipo, maji hayafiki.

"Zisipopewa kazi zinazidi kuachana," akasema. "Zikipewa, huenda zikatafuta njia nyingine. Huenda. Sikuahidi. Salamu anajibu nani?"

"Mama mdogo."

"Mwambie amwachie mwenyewe."

Mama mdogo alinisikiliza huku akimenya viazi. "Unataka watu waseme dada yangu ana kiburi?"

"Waambie nimekataza mimi."

"Wewe? Hata kuku wa hapa hawakujui."

Mama akacheka kwa nusu ya uso.

Tukaanza kungoja. Sijawahi kufanya kazi ya kuchosha kama ile, na nimebeba magunia. Mgeni anaamkia, kisha tunakaa. Chai inapoa. Wageni wanatazama miguu yao, wengine wanaaga mapema. Mama analivuta neno kama mtu anayeng'oa kisiki, jasho linamtoka, linakuja "mmm" tu. Siku nyingine alipiga kiti kwa mkono wa kushoto akalia. Nikisikia lori la mboga likiteremka kuelekea Soni, miguu yangu ilikuwa inaniwasha.

Asubuhi moja yule jirani wa peasi alirudi.

"Shikamoo, mama."

Mama mdogo akaung'ata upindo wa kanga yake.

"Ma," mama akasema. Akapumzika. "Maa-haba."

Jirani hakujua afanye nini na mikono yake. Mama mdogo akaenda jikoni kutazama moto usiohitaji kutazamwa. Mama akaegemea, macho kayafumba, kachoka kama aliyetoka msituni na mzigo wa kuni.

Nje mtu mwingine akapiga hodi.

Nikamwinamia. "Huyu nimjibu mimi, mama?"

Akatikisa kichwa kukataa. Nikavuta kigoda, nikakaa.