Wali Niliowamwagia Kuku

Likizo moja ya skuli tuliipitishia shamba, kusini, kabla hujafika Kizimkazi, katika nyumba ya mawe aliyoijenga babu yake mume wangu. Kuta zake ni pana kiasi cha mtoto kulala dirishani, chokaa inabanduka ukiigusa, na ndani kuna baridi hata adhuhuri. Mimi ni mtoto wa Mji Mkongwe, basi nilijiona natosha kuikosoa. Nilikosoa kisima, nikakosoa popo, nikakosoa hata ukimya.

Jirani yetu alikuwa bibi mmoja aliyeishi peke yake, nyumba yake na yetu zimetenganishwa na ua wa makuti tu. Siku ya kwanza, kabla hatujafungua mabegi, alileta sahani ya wali wa nazi na samaki wa kupaka, imefunikwa kawa. Nilimwamkia, nikapokea kwa mikono miwili, nikashukuru mno. Alipoondoka tu, nikaenda nyuma ya nyumba nikaumwaga.

Sina pa kujificha katika hili. Mama yangu alinilea na onyo moja: ukienda shamba usile cha mtu usiyemjua, watu wana mambo yao. Nimesoma, nafundisha watoto wa wenzangu, na bado niliwashika wanangu mikono kana kwamba sahani ile ina nge. Kuku wakaja mbio, wakala mpaka punje ya mwisho.

Jioni niliiosha sahani, nikaijaza sukari, maana kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu.

"Wali mtamu, Bi," nilimwambia. "Watoto wameugombania."

Uongo huo niliusema siku nne, na kila siku nikiutia chumvi zaidi.

Siku ya tano alikuja na sahani lakini hakunikabidhi. Alikaa barazani, akanionyesha nikae karibu yake.

"Kuku wangu siku hizi hawataki mtama," alisema. "Nnawamwagia, wanautazama tu. Washazoea nazi."

Kuku wake! Ningesema sikujua, lakini nyumba zilikuwa mbili tu pale, na sisi hatukuja na kuku. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Hakungoja jibu. Alifunua kawa, akasema bismillahi, akamega tonge, akalitafuna taratibu huku akinitazama, akameza.

"Mie nshakula," akasema, akanisogezea sahani. "Haya, mwanangu, waite wajukuu zangu."

Bibi wa umri ule, anakionja chakula chake mwenyewe mbele yangu kama mtu anayekula kiapo. Hakuna tusi ambalo lingeniuma vile. Niliwaita watoto, wakala kwa pupa. Mimi nilikula macho chini, na wali ulikuwa mtamu vilevile nilivyokuwa nikiusifu kwa uongo.

Asubuhi ya kuondoka nilimpelekea sahani yake, imejaa sukari. Nilikuwa nimepanga kumwomba radhi, nimeyafanyia mazoezi maneno tangu alfajiri, na nilipofika mlangoni yakanikwama. Yeye aliipokea, akachota sukari kwa kidole, akailamba pale pale, bila kungoja mimi nianze kuionja.