Mistari Myekundu Ukutani Kwangu

Jamani, mnicheke tu. Juzi hapa Makambako nilikuta akina dada wawili wakichora mistari myekundu kwenye ukuta wa duka langu. Rangi nyekundu ukutani naijua: alama ya bomoabomoa ya serikali.

"Mnapima nini?" niliwauliza.

"Utaona mwenyewe, mama," wakajibu wakitabasamu. Tabasamu lile ndilo lililozidi kunitia shaka.

Walipokwenda kunywa chai, nikachukua ndoo na brashi, nikasugua ukuta mpaka nikatoka jasho na baridi yote ile. Sijamaliza kujipongeza, mwenyekiti wa mtaa akatokea na majirani.

"Kamwene, Mama Neema," mwenyekiti akanisalimu kwa Kibena. "Nani kafuta picha? Mtaa mzima tulikubaliana kukushtukiza: achorwe hapa mmoja wa mabibi walioanzisha soko letu."

"Bibi yupi?"

Akanitazama kwa huruma. "Marehemu mama yako."