Chaki Ukutani kwa Fundi

Ilikuwa mwaka wa mafuriko. Hapana, nimekosea, mafuriko yalitangulia. Ni mwaka uliofuata, fundi cherehani alipopaka chokaa duka zima akaacha kipande kimoja cha ukuta. Pale alikuwa ameandika kwa chaki ya kukatia nguo: kilomita 8,600, saa 10. Ndio umbali kutoka uwanja wa ndege wa huko alikokwenda mwanawe wa pekee hadi huu wa kwetu, na muda wa kuruka. Kila mteja alisomewa, hata aliyeleta suruali tu.

"Nguo napunguza," angesema, futi ya kupimia imemning'inia shingoni, "lakini hizi siwezi kupunguza hata inchi."

Mwana alipiga simu kila Jumapili jioni. Sisi jua linazama, yeye ndio kwanza anakula chakula cha mchana. Tulikuwa tukimtania: "Huko kwenu siku inachelewa kuamka!"

Basi mkewe fundi, ambaye mimi nilimwita shemeji, akaugua moyo. Daktari alimrudisha nyumbani, akatuambia mlangoni kwa sauti ya chini: ni leo au kesho. Mwana akapiga simu akilia, ndege yake inaondoka saa tisa alfajiri. Simu ikakatika.

Fundi akaninyooshea chaki. "Piga hesabu wewe, mzee mwenzangu, uliyefika darasa la nne."

Nikashika chaki. Tisa, ongeza kumi. Nikaingia chumbani kifua mbele. "Shemeji, kesho saa saba mchana unamwona."

"Saa saba," akasema. "Basi nitamngoja."

Akangoja kweli. Alikataa kulala, akaegemezwa kwa mito mitatu, amevaa gauni la bluu aliloshonewa na mumewe, macho kwenye saa. Saa saba ikapita. Saa nane ikapita. "Labda foleni," nikasema. Fundi alitoka barabarani na kurudi, mara ngapi sijui. Saa kumi shemeji akauliza, "Kwani ulisema saa saba ya leo?"

"Ya leo, shemeji."

"Basi hakupanda."

Akageukia ukuta. Fundi akapiga magoti. "Mke wangu, kidogo tu, vumilia kidogo tu." Hakugeuka tena. Saa kumi na moja akatutoka.

Saa moja kasoro mwana akashuka kwenye teksi na mkoba mmoja. "Ndege haikuchelewa hata dakika," alisema, akitutazama mmoja mmoja. Hapo ndipo nilipozikumbuka Jumapili zetu. Saa tisa ile ilikuwa ya huko. Kwetu ilikuwa saa mbili, jua limeshapanda. Tulilijua jambo hilo, tulilicheka miaka yote.

Fundi hakunilaumu. Alichukua kitambaa akafuta ukuta, akarudi kwenye cherehani. Siku ya tatu, alipokuwa akitunga uzi kwenye sindano, nikamwuliza, na nimewauliza wengi tangu hapo: nisingemtajia saa, si angeendelea kungoja?