Kiti Changu na Bendi ya Metali

Nilikuwa Gisozi, mtaa wa maseremala, nikisubiri seremala apunguze kidogo miguu ya kiti changu. Ukumbi wa jirani ulikuwa na onyesho la bendi kongwe ya muziki wa metali ya tope. Si roki, vijana mlangoni walinisahihisha; hii ni nzito zaidi na huenda polepole. Mwimbaji, mwenye mvi kama zangu, alikuwa ameapa kuvunja bendi iwapo hawatashangiliwa.

Seremala akawasha msumeno wa umeme. Ukumbini vijana wakalipuka kwa shangwe.

Mwimbaji akatoka mbio. "Fundi, zima! Sisi bado hatujaanza!"

Msumeno uliponyamaza, vijana wakazomea. Mwimbaji akakuna kidevu.

"Fundi, iko na kazi mingi leo?"

"Iko kiti ya huyu muzee tu."

"Leta jukwaani."

Bendi haijavunjika. Kiti changu sasa ni kifupi mno, kwani vijana walidai warudie, kisha warudie tena.